Fundi, Fungua Kwanza Ndipo Useme Imekufa

Mhariri,

Nipishe kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mshonaji wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, mwanamke wa miaka 58. Kazi yangu ni magauni, mapazia na sare za watoto wa shule. Gazeti lako hulisoma kwanza, kisha hulikatia patani za nguo, usinichukie kwa hilo. Sijawahi kuliandikia. Safari hii nimeshika kalamu kwa sababu ya neno moja tu.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa simu gemu ya mkononi ya kaka yangu, Game Boy ile ya kwanza, ya kijivu, nene kama mche wa sabuni. Fundi mwenyewe ni kijana mwenye adabu, alinipa kiti kabla sijasema shida yangu. Akaipokea, akaipindua, akaitikisa karibu na sikio kama mtu achaguaye nazi ya kukuna, halafu akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hii imekufa. Tupa tu."

Hakushika bisibisi. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Ni ya zamani."

Hapo ndipo iliponiuma. Cherehani yangu, Singer ya kukanyaga, ni ya zamani kuliko yeye na kuliko mimi, na asubuhi ile ile nilikuwa nimeishonea pazia mbili. Inapogoma siiiti maiti. Natazama sindano kama imepinda, natazama uzi, natoa bobini napuliza vumbi, natia tone la mafuta. Mara tisa katika kumi ugonjwa uko hapo hapo karibu na mlango.

Sasa nieleze gemu yenyewe ilikotoka. Kaka yangu alikuwa baharia, na mwaka 1992 meli yake ilipotia nanga Dubai alituletea kila mtu chake: mama udi na marashi, mimi mikasi ya kukatia ambayo bado inakata, na nyumba nzima Game Boy moja yenye kaseti moja, Tetris, ile ya vipande vinavyoanguka uvipange vijaze mistari. Umeme wa Lamu siku zile ulikuwa wa jenereta, na ulipokatika mji mzima ulizama kizani. Wenye televisheni walilala. Sisi tuliendelea, kwa sababu gemu ile hula mawe manne madogo ya AA na haitaki kitu kingine. Ila kioo chake hakina taa ndani. Kwenye giza huoni chochote. Kwa hiyo mwenye zamu alikaa chini ya kandili, sisi wengine tukamwinamia mabegani, mbu wakitula miguu, kila mmoja akitoa ushauri ambao hakuombwa.

Kaseti ya Tetris haihifadhi alama. Ukizima, zimekwenda. Tukaweka daftari la kurasa 48: jina, tarehe, alama. Mwandishi nilikuwa mimi, kwa kuwa hati yangu ilisomeka. Siku moja alfajiri kaka akadai kwamba usiku, sote tumelala, alipita alama 100,000 na roketi ikapaa kwenye kioo. Hakuna aliyemwamini. Mama akasema roketi hiyo kaiota. Nikaandika alama zake kama alivyozitaja, 103,000 na ushei, na mbele yake nikatia alama ya kuuliza. Kaka alininunia siku mbili.

Mwaka 1999 alihamia Salalah, kule Omani, akaniachia gemu. Niliiweka kwenye zidaka, baadaye nikaitia kashani, na mawe yake manne ndani. Kosa hilo ni langu, nalikiri mbele ya wasomaji. Miaka yote hiyo ilikaa na betri tumboni, ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe ambayo ukuta wake hunywa unyevu wa kusi na kutoa jasho la chumvi. Likizo hii mjukuu wa kaka, kijana wa miaka 13 anayesoma Mombasa, alikuja kwangu, akafukua kasha, akaikuta.

Baada ya fundi wa kwanza tulijaribu wa pili. Huyu alikuwa na ari, kwa kweli, lakini ari yake ilinitisha. Alisema tatizo ni betri tu, akavuta adapta ya redio ya volti 9 akataka kuichomeka. Niliikinga gemu kwa kiganja. Ubavuni imeandikwa 6V, mtu yeyote aweza kusoma. Na kuna jambo jingine ambalo mjukuu alilitafuta kwenye simu akanisomea: tundu la Game Boy hii linataka hasi iwe katikati ya ncha, hali adapta nyingi tulizo nazo majumbani zina chanya katikati. Kwa hiyo hata volti zikilingana, umeme unaweza kuingia kinyume. Fundi hakuangalia nambari wala alama ile ndogo ya duara inayoonyesha chanya na hasi. Tukamshukuru, tukaondoka.

Basi tukarudi nyumbani tukaiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Mjukuu akapendekeza tuizike kwenye mchele, kama wanavyofanya na simu zikiingia maji. Nikamwambia hata mchele ukinyonya maji, chumvi itabaki palepale, na mchele wangu ni wa pilau.

Tulianza na nyumba ya betri. Kifuniko chake kilipotea tangu zama za kandili, tulikuwa tukifunga kwa kipande cha leso. Ndani mlikuwa na unga mweupe umegandamana kama chokaa ya tambuu, na kwenye vibati vya shaba rangi ya kijani. Ule mweupe ni betri iliyovuja. Betri za alkalini humwaga kitu cha jamii ya magadi, kinachochoma ngozi, na kikikaa hewani huwa unga. Kila mpishi anajua magadi na ndimu vikikutana hutokea nini. Nilivaa glavu za plastiki, nikamwambia mjukuu asogeze uso, nikakamulia ndimu kwenye kikombe cha kahawa, nikachovya kijiti cha pamba cha masikio na kugusisha. Povu likachemka chwaa! Mjukuu akacheka kwa furaha. Ndimu kidogo tu, ya kulowesha pamba, si ya kumimina, maana hiyo nayo ni tindikali na ikiachwa ndani italeta kutu yake yenyewe. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kisha kwa spiriti, kisha acha ikauke kivulini.

Hapa kwenye spiriti nitulie, kwa sababu nilikosea mara ya kwanza. Spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi. Kwa mgonjwa ni wema, kwa vibati vya umeme ni utando. Nilipofuta na hiyo niliona mng'ao wa mafuta umebaki, kama nimesugua sufuria kwa mkono wenye samli. Inayofaa ni ile alkoholi ya kusafishia mitambo, isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu. Chupa yangu ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti mpaka hapa, na siku nne tulikaa tunaingoja huku mjukuu akinihesabia saa.

Tukatia mawe mapya manne, yote ya aina moja na ya siku moja. Ukichanganya jipya na kuukuu, lile dhaifu hukamuliwa mpaka linavuja, na unarudi kwenye ndimu. Tukawasha. Kimya.

Mjukuu akanitazama kwa jicho la "nyanya, si fundi alisema?" Nikamwambia bado hatujatazama mlango wa pili. Swichi ya kuwashia iko juu, ni ya kutelezesha, na ndani yake kuna vibati viwili vinavyokutana. Havijakutana tangu 1999. Tukazitoa betri, nikampa kazi ya kuitelezesha mbele na nyuma mara 50, akihesabu kwa sauti. Tukarudisha betri. Kitaa chekundu cha kushoto kikapepesa, kikazimika. Kikapepesa tena. Sijui kama wewe, Mhariri, umewahi kumwona mgonjwa akifumbua jicho moja.

Hapo tukajua ni lazima ifunguliwe. Nyuma ina skrubu sita, na vichwa vyake si vya msalaba kama za kawaida bali vina mikono mitatu. Waliifanya hivyo makusudi ili watu kama mimi wasiifungue. Bisibisi yangu ndogo ya bamba, ile ya kulegezea kibano cha sindano, ilikaa kwenye mkono mmoja na kukubali, kwa kukandamiza sana na kuzungusha polepole. Ukiwa na haraka utakula kichwa cha skrubu na hutaitoa tena maisha. Ikifunguka usiivute kama unayevunja mkate! Nusu mbili zimeunganishwa kwa utepe bapa wa nyaya, mwembamba, nao ukichanika ndipo kweli waweza kusema imekufa. Tuliufungua utepe kwenye kitako chake kwa kucha, kushoto kidogo na kulia kidogo, mpaka ukatoka. Ndani hamna maajabu. Bodi mbili kubwa, spika ya ukubwa wa sarafu, kioo. Nilichokiona zaidi ni chumvi: nukta nyeupe kwenye kila kilicho cha chuma, kama ukuta wa choo changu cha nje. Tukasafisha swichi kwa spiriti, tukaitelezesha ikiwa bado imelowa, tukangoja ikauke.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kuifunga kulituchukua alasiri nzima, kwa sababu kitufe kimoja kilianguka na utepe ulikataa kuingia sawasawa.

Kitaa kikawaka, chekundu, kimetulia. Kioo hamna kitu. Mjukuu akasema, haya sasa, kioo kimekufa. Akatoka kwenda kucheza mpira mtaa wa Langoni. Nilikaa nayo mkononi peke yangu, na kidole gumba changu cha kushoto kikafanya kilichokuwa kikifanya mwaka 1992 bila kuniuliza: kilizungusha kigurudumu kidogo cha ubavuni. Ni cha kukoleza na kufifisha picha. Mtu alikuwa amekishusha mpaka mwisho. Picha ikaja kama mwamba unavyojitokeza maji yakitoka, na nikacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini picha yenyewe ilikuwa pande jeusi. Kwa kawaida ukiwasha, jina la Nintendo, kampuni iliyoiunda, hushuka kutoka juu mpaka katikati, halafu hulia ting! Badala ya jina likashuka pande jeusi tupu la umbo lile lile, likakaa hapo. Fundi asiyejua angesema bodi imeungua. Kumbe gemu ilikuwa ikizungumza. Jina lile unaloliona halitoki kwenye mashine, linasomwa kutoka kwenye kaseti. Mashine ina nakala yake ya siri, huilinganisha na iliyoletwa, na zisipofanana hukataa kuendelea. Ni kama bawabu anayemwambia mgeni, "Taja jina lako," na mgeni asipotaja hafunguliwi. Pande jeusi maana yake mgeni hakutamka chochote. Utaliona pande hilo hilo ukiwasha bila kaseti kabisa. Kwa hiyo mashine ni nzima, kioo ni kizima, betri ni nzima, na ugonjwa uko mahali pamoja tu: pale kaseti inapokutana na mdomo wake. Ningekuwa na cherehani inayonieleza ugonjwa wake kwa ufasaha kiasi hicho, ningekuwa tajiri.

Mjukuu aliporudi, la kwanza alilofanya ni kuichomoa kaseti na kuipuliza. Sote tulipuliza zama zetu, siwezi kumlaumu. Lakini pumzi ni mvuke, na mvuke juu ya shaba katika mji wa chumvi ni kualika kutu chakula cha jioni. Iliyokuwa ikisaidia siku zile haikuwa pumzi, ilikuwa kuichomoa na kuirudisha, vibati vikajisugua. Kaseti ina vibati 32 vilivyopakwa dhahabu nyembamba. Usitumie msasa. Kaseti ya jirani yangu mmoja ilisuguliwa msasa na fundi akimwambia anaing'arisha. Iling'aa kweli, kwa sababu dhahabu yote ilitoka, na baada ya masika moja ilikuwa ya kijani. Kijiti cha pamba, spiriti safi, vibati mpaka pamba isitoke nyeusi. Yetu ilitoka nyeusi mara sita.

Mara ya kwanza baada ya kusafisha, jina lilishuka limekatikakatika, kama mtu anayeongea na mdomo umejaa ndizi. Tukafurahi zaidi kuliko lingeshuka zima. Mgeni ameanza kutaja jina! Mara ya tatu likashuka zima, ting, na wimbo wa Tetris ukaanza. Kwa kweli ulianza kwenye visikizi tu, spika ilikuwa bubu, lakini hilo lilikuwa dogo: tundu la visikizi lina kibati ambacho hunyamazisha spika unapochomeka, nacho kilikuwa kimeganda. Chomeka, chomoa, chomeka, chomoa, kikaachia.

Lililobaki ni mistari. Kioo kilikuwa na mistari saba ya wima isiyoonyesha kitu, kipande kikishuka hapo kinapotea kama kimepita nyuma ya nguzo. Haya ni maradhi ya uzeeni ya Game Boy hizi. Chini ya kioo kuna utepe uliobandikwa kwa gundi inayopitisha umeme, na gundi hiyo miaka ikipita hulegea. Dawa yake ni joto: unapitisha ncha ya chuma cha kulehemu juu ya utepe ule taratibu, gemu ikiwa imewashwa, ili uone mstari unaporudi. Niliposikia hivyo nikasema hii ni kazi yangu. Miaka 35 napiga pasi nguo za nailoni, najua joto linalolainisha na joto linaloyeyusha. Niliazima chuma kwa kijana anayetengeneza nyaya za injini za boti, nikakijaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu cha bitana. Kikatoboa mara moja. Nikakichomoa, nikasubiri, nikajaribu tena mpaka bitana ikalainika bila kutoboka. Kisha nikapita juu ya utepe kama mtu anayepiga pasi ukosi wa kanzu: kwenda, kurudi, bila kusimama. Mstari wa kwanza uliporudi mjukuu alipiga kelele jirani akauliza kuna nini. Sita wamerudi. Mmoja wa kulia pembeni amebaki, nami nimemwacha, mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka.

Nilipita kwa yule fundi wa kwanza nikiwa naenda sokoni. Sikwenda kumsuta. Niliiweka juu ya meza yake, nikawasha, ikalia. Alicheka kwa dhati. Akaniuliza nimetumia nini. Nikamwambia ndimu. Akadhani namfanyia mzaha. Tukazungumza, na akaniambia neno ambalo limenikaa. Alisema, "Mama, nikifungua nikakuta haitengenezeki, mteja hanilipi. Saa yangu imepotea. Nikisema imekufa, hasira zake ni za dakika moja."

Ana haki. Nami yananifika hayo hayo: mtu ananiletea gauni la kupunguza, nalifumua mshono kuangalia kama lina akiba, halina, naye anaondoka bila hata ahsante. Kwa hiyo ninaloandika, Mhariri, si kuwalaumu mafundi peke yao. Nataka mafundi wa hapa kwetu waweke ada ya kufungua, shilingi 200 au watakavyoona, ilipwe kikitengenezeka au kisitengenezeke, na bango libandikwe ukutani. Nasi wateja tuilipe bila kununa. Anayelipwa kwa kutazama atatazama. Na akishafungua asione, aseme "sijui". "Sijui" haijamwua fundi yeyote.

Kwani hiyo "tupa" ni kutupa wapi? Hapa hatuna gari la taka la kupita vichochoroni, punda ndiye hubeba. Kisiwa ni hiki hiki. Mji huu mwaka 2018 ulishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa fukweni, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka uliofuata. Waliounda jahazi kwa ndara hawawezi kushindwa na skrubu sita.

Na gemu hizi hazikuundwa zife upesi. Mjukuu alinisomea habari za Gunpei Yokoi, Mjapani wa Nintendo aliyesimamia kuundwa kwake na ambaye alifariki 1997. Alipenda kutumia vitu vilivyokwisha zoeleka na kushuka bei, akavipa kazi mpya. Ndiyo maana Game Boy ilitoka mwaka 1989 na kioo kisicho na rangi, watu wakamcheka. Mshindani wake wa rangi, Game Gear ya Sega, alikula betri sita kwa saa chache tu. Ya Yokoi ilikula nne ikaenda zaidi ya saa kumi. Kuna moja iliungua katika Vita vya Ghuba, ganda lake likayeyuka kama mshumaa, na miaka mingi iliwekwa katika duka la Nintendo New York, ikiwa bado inacheza Tetris. Yangu imeonja chumvi tu.

Ombi dogo: kama kuna msomaji mwenye ganda bovu la Game Boy ya kijivu ambalo bado lina kifuniko cha betri, nakitaka. Nitamshonea kitu. Kipande cha leso kinateleza.

Kaka yangu nilimpigia simu Salalah nikamsikilizisha ule wimbo. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu: lile daftari bado lipo? Nikamwambia lipo. "Na ile alama ya kuuliza?" Ipo.

Tangu hapo kila usiku baada ya Isha nakaa nayo chini ya taa. Siri ni kuanzia kiwango cha 9, maana hapo ukifuta mistari minne kwa mpigo mmoja unapata alama 12,000. Juzi vipande vilinijaa mpaka juu, nikajua nimekwisha, nikawa nanyoosha kidole kuzima. Kikatokea kiroketi, kikatoa moshi, kikapaa. Alama 104,712. Mjukuu alikuwa amelala fofofo. Nilipomwamsha roketi imekwenda zake na mimi kwa pupa nilikuwa nimeshazima.

Asubuhi nilifuta ile alama ya kuuliza ya kaka kwa wembe, nikaandika alama zangu chini yake. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta mjukuu ameweka yake mbele ya jina langu.

Wako,
Mshonaji wa Mkomani,
Lamu